Uzito Unaporudi: Kwa Anayepona Matatizo ya Ulaji

Kwetu, mtu akirudi safari au akiinuka kitandani baada ya kuugua, kinachotangulia mlangoni ni habari ya mwili wake. "Heee, umenenepa! Umependeza kweli!" Anayesema amekushika mkono na hauachii, na waliomo sebuleni wanaitikia. Ni pongezi ya dhati. Maana yake unakula, huumwi, nyumba yako ina amani. Kukonda ndiko kunakotisha. Tangu ukimwi ulipoanza kuua watu kuzunguka Ziwa Viktoria mwanzoni mwa miaka ya 1980, mashavu ya mtu yakibonyea kidogo tu majirani huanza kunong'ona.

Sasa pongezi hiyo imfikie msichana aliyejinyima chakula kwa miaka, au kijana aliyezoea kula na kujitapisha kwa siri, ambaye juzi tu amekubali matibabu. Anacheka pamoja na wenzake, anasema ahsante shangazi, na usiku ule ule anasukuma sahani. Aliyempongeza hajui alichokifanya, na aliyepongezwa hana namna ya kumlaumu.

Ninamwandikia yeye, na wale anaokaa nao nyumba moja. Anoreksia, bulimia na mengine ya aina hiyo ni maradhi ya akili yanayoumiza mwili mpaka kuua: moyo unadhoofika, chumvi za damu zinavurugika, mifupa inakuwa myepesi katika umri ambao ingepaswa kukomaa. Kwa aliyepungua kuliko mwili wake unavyohimili, kurudi kwa uzito ni dawa yenyewe. Hata mazungumzo na mshauri hayashiki vizuri kabla ya hapo, kwa sababu ubongo wenye njaa haufikiri sawasawa. Tatizo ni kwamba hii ni dawa ambayo mgonjwa anaiogopa kuliko ugonjwa. Nguo zinapoanza kubana ndipo hamu ya kutoroka matibabu inapokuwa kubwa, na hamu hiyo inazidi pale ambapo hakuna aliyemweleza mapema kwamba mwili unapojirudi haufuati mpangilio mzuri.

Kuhusu hilo la mpangilio, kuna jambo lililotokea Marekani ambalo ningependa kila anayepona alijue. Vita Kuu ya Pili ilipokuwa inaelekea mwisho, mtaalamu mmoja wa fiziolojia, Ancel Keys, alitaka kujua namna ya kuwalisha raia wa Ulaya waliokuwa wakifa njaa. Katika Chuo Kikuu cha Minnesota, wanaume 36 vijana, wenye afya njema, ambao dhamiri zao ziliwakataza kubeba silaha, walijitolea kupunguziwa chakula. Kwa wiki 24 za mwaka 1945 walipewa takriban nusu ya walichozoea kula, mpaka wakapoteza karibu robo ya uzito wao. Hakuna aliyeingia pale akiwa na tatizo la ulaji. Lakini njaa peke yake iliwafanya wakusanye vitabu vya mapishi, wakate chakula vipande vidogo vidogo, wakae na sahani moja muda mrefu kupita kiasi, wajitenge na wenzao na kukasirika ovyo.

Kisha wakaanza kulishwa. Tumbo lilijaa na bado walisema wana njaa, na hali hiyo kwa baadhi yao iliendelea kwa miezi. Mafuta ya mwili yalirudi mapema kuliko misuli, yakakaa zaidi tumboni na makalioni, wao wenyewe wakalalamika kwamba wamekuwa laini. Kwa muda walikuwa na mafuta mengi kuliko waliyoingia nayo. Walipoendelea kula bila kubanwa, miezi ikapita, na miili ikatulia karibu na ilivyokuwa mwanzo.

Nakuomba uisome habari hiyo tena polepole. Kama mwili mzima wa mtu asiye na ugonjwa wowote ulijibu njaa namna hiyo, basi njaa isiyoisha unayoisikia wiki chache baada ya kuanza kula si ulafi. Wala tumbo lililotangulia mbele si ushahidi kwamba familia na daktari wamekudanganya. Kwa wanawake wengi waliopona anoreksia, uzito wa mwanzo hukusanyika kiunoni na tumboni, kisha hujisambaza wenyewe mwili ukikaa katika uzito wake wa afya kwa muda, mara nyingi karibu mwaka mmoja au zaidi. Sharti ni kuendelea kula. Anayeanza kujinyima tena pale tumbo linapoonekana anaukatiza mwili katikati ya kazi, na akirudi matibabu ataanza na tumbo lile lile.

Yapo mengine ya kujiandaa nayo. Kilo za siku za mwanzo kwa kiasi kikubwa ni maji. Ini na misuli huhifadhi sukari ya akiba, na kila gramu ya akiba hiyo hukaa na gramu kama 3 za maji; ukianza kula, mwili hujaza akiba hiyo kwanza, na mzani unaruka bila mafuta yoyote kuongezeka. Aliyekuwa akijitapisha au akitumia dawa za kuharisha huvimba zaidi anapoacha, kwa kuwa mwili ulijifunza kung'ang'ania chumvi na maji ili usikauke, na unahitaji wiki kadhaa kuacha tabia hiyo. Utaamka uso umejaa. Pete haitoki. Soksi zinaacha alama kwenye kifundo cha mguu. Mwambie daktari, kisha vumilia. Usinunue dawa za kukojoza kwenye duka la dawa, kwa sababu zinaanzisha upya mzunguko ule ule na kuyavuruga madini yanayouendesha moyo.

Tumbo nalo lilizoea kazi ndogo, kwa hiyo linasukuma chakula taratibu. Nusu sahani inakaa kama sahani tatu, gesi inajaa, choo kinakuwa kigumu. Linazoea kazi kwa kupewa kazi, kila siku kwa saa zile zile, na wengi huona nafuu ndani ya wiki chache. Usiku unaweza kutoka jasho mpaka shuka likalowa, kwa sababu mwili unachoma nguvu nyingi katika kujikarabati. Ndiyo maana wakati huu unaweza kuhitaji chakula kingi kuliko dada yako ambaye hajawahi kuugua, na ukijipimia kwa sahani yake utabaki nyuma.

Onyo moja halina mjadala. Mtu aliyekaa na njaa kwa muda mrefu asianze kula chakula kingi ghafla peke yake nyumbani. Sukari inapoingia kwa wingi, fosfeti, potasiamu na magnesiamu hutoka kwenye damu na kuingia ndani ya seli kwa kasi, na moyo unaweza kushindwa. Baadhi ya wafungwa waliookolewa katika kambi za Vita Kuu ya Pili walikufa namna hiyo, siku chache baada ya kupata chakula walichokilia kwa miaka. Kwa hiyo siku na wiki za mwanzo ni za hospitali au za karibu na hospitali: damu ipimwe, chakula kipandishwe kwa hatua.

Mwili ukishaanza kwenda, akili hubaki nyuma. Hili huwavunja moyo watu kuliko uvimbe wote. Hedhi inaweza kurudi, nywele zikaacha kudondoka, ukapanda ngazi bila kuhema, na bado kioo kikawa kinakusema vibaya. Namna unavyouona mwili wako kichwani ni miongoni mwa vitu vya mwisho kupona. Ukingoja kwanza uupende mwili ndipo ule, hutakula. Kula huku hujaupenda. Kula huku umekasirika. Hisia ya kwamba unafanya kosa itakuwepo mezani pamoja nawe kwa muda, na chakula kitafanya kazi yake hata kama unalia.

Na una haki ya kuhuzunika. Wembamba ulikuwa umekushikia jambo fulani: pengine mitihani, pengine msiba ambao hukupata nafasi ya kuulia, pengine mtu aliyekugusa bila ruhusa, pengine nyumba ambamo sahani ilikuwa kitu pekee ulichoweza kukiamulia. Uzito ukirudi, jambo lile linabaki wazi bila kifuniko. Wengi hudhani wanalia kwa sababu ya kilo. Mpelekee mshauri jambo lenyewe, usimpelekee kilo tu.

Nguo ni mahali ambapo vita hii hupiganwa kila asubuhi. Msichana mmoja ninayemfahamu, wa Tanga, alikwenda kwa fundi kupimwa sare ya harusi ya dada yake. Fundi, mtu mwema kabisa, alimzungusha futi kamba kiunoni na kumtajia namba kijana wake aliyekuwa akiandika. Kisha akalivuta daftari, akafungua ukurasa wa mwaka uliopita na kusoma vipimo vya zamani kwa sauti, huku akicheka kwa furaha: "Dada, kiuno kimekimbia! Safi sana, umenawiri." Benchi lilikuwa limejaa wateja, nao wakaitikia. Binti akasema anakwenda kununua maji, hakurudi.

Siku chache baadaye mama yake alikwenda peke yake. Hakumlaumu fundi. Alimweleza kwamba binti anatoka kwenye maradhi, kwamba namba zinamrudisha nyuma, akamwomba apime kimya, aandike mwenyewe, aweke mpira mgongoni mwa gauni, na aache kitambaa cha kutosha mishononi ili liweze kutanuliwa. "Mama, mimi nilidhani namfurahisha," fundi akasema. Binti aliporudi, alipimwa nyuma ya pazia, daftari likiwa limefunguliwa ukurasa mpya. Gauni lile lilitanuliwa kabla ya harusi, na yeye alijua hivyo kwa sababu tu lilimkaa vizuri.

Nilipenda alichokifanya mama yule kwa sababu alitangulia. Mgonjwa hawezi kusimama mbele ya kila fundi, kila mwalimu na kila shangazi akajieleza, hasa kwa wanaomzidi umri. Mila zetu zina mtu wa kati: mama, somo, kaka mkubwa, mke wa mjomba. Mtumie. Kabla ya Idi, Krismasi au harusi, mtu huyo apige simu mbili tatu na kusema kwa ufupi: "Mtoto anakuja, tumefurahi. Daktari amesema tusizungumzie mwili wake wala anachokula. Mkaribisheni tu." Watu wengi husikia wakiambiwa kwa heshima na mtu wa rika lao.

Atakayekuwa hajasikia, uwe na jibu lililokwisha kuandaliwa, ulilolifanyia mazoezi kwa sauti. Salamu zetu zinakusaidia hapa, maana zina mlango wa kutokea. "Umenenepa!" "Alhamdulillah, nina afya. Za watoto? Yule wa mwisho ameshaanza shule?" Umemjibu, hujamvunjia heshima, na mazungumzo yamehamia kwake. Kwa rafiki wa rika lako unaweza kusema wazi zaidi: "Naomba tusiongelee mwili wangu, napona." Na kama neno limeshakuchoma, lipeleke kwa mtu unayemwamini siku hiyo hiyo kabla ya mlo unaofuata, kwa sababu likilala nawe litakaa na wewe mezani asubuhi.

Kuhusu nguo zenyewe, ziondoe zile za ugonjwa. Najua kuna suruali moja unayoijaribu kila Jumapili kuona kama bado inapanda. Hiyo ndiyo ya kwanza kutoka. Mpe mtu mwingine aitoe nyumbani wewe ukiwa haupo, usiihifadhi "kwa baadaye." Miezi ya uvimbe ni miezi ya dera, ya kanga, ya sketi ya mpira, ya shati la kaka; vazi lisilokukumbusha kiuno chako kila unapoinama ni msaada halisi. Ukienda mitumbani, usisome lebo. Nguo zile zimetoka nchi tofauti na kila nchi ina namba zake, hivyo unaweza kutoshwa na namba tatu tofauti kwenye rundo moja. Vaa, inama, kaa, nyoosha mikono. Ikikuruhusu kupumua, ni yako.

Mzani wa nyumbani utoke pia. Kwenye stendi na vijia vya miji yetu wako vijana wanaokaa na mzani pembeni ya njia, unalipa kidogo unasimama, na najua wanaopona ambao hupanga njia yao ili wapite hapo. Badilisha njia, au tembea na mtu. Upimwe na anayekutibu, kwa ratiba yake, kwa sababu anasoma mwelekeo wa wiki nyingi wakati wewe unasoma hukumu ya asubuhi moja. Kliniki zetu humsimamisha mgonjwa mzanini kabla hata hajakaa, na muuguzi hutaja namba kwa sauti. Mwambie mapema: "Sista, naomba nisimame nikiangalia huku, uandike bila kunitajia." Hilo ni ombi la kawaida katika matibabu haya. Baadaye, ukiwa na nguvu zaidi, mtaalamu wako anaweza kuona ni vyema uanze kuiona namba mkiwa pamoja, ili ipoteze ukali wake. Hilo muamue naye, usiliamue njiani.

Kujikagua kuna njia nyingi ndogo: kuzungusha vidole kwenye kifundo cha mkono, kubana ngozi ya tumbo, kushika mifupa ya shingo, kupiga picha kioo kile kile kila siku. Kila ukaguzi unaleta utulivu wa dakika chache, kisha hofu inarudi ikiwa kubwa zaidi. Tumia kioo kwa shughuli inayoeleweka: funga lemba, paka mafuta, ondoka. Simu nayo isafishwe. Zuia akaunti zinazouza chai za kupunguza tumbo na picha za "kabla na baada", toka kwenye kundi la WhatsApp la changamoto ya siku 30, na picha zako za wakati wa ugonjwa mpe ndugu azihifadhi.

Kuna watakaokwambia kwamba yote haya ni ya Wazungu. Habari ya Fiji, visiwa vya Bahari ya Pasifiki, inawajibu. Katika eneo la Nadroga, ambako mwili mkubwa ulisifiwa na chakula kilikuwa heshima ya mgeni, televisheni iliingia mwaka 1995. Anne Becker wa Chuo Kikuu cha Harvard aliwahoji wasichana wa shule mwaka huo, na hakuna hata mmoja aliyesema anajitapisha ili kupunguza uzito. Alipowahoji wengine mwaka 1998, zaidi ya 11 katika kila 100 walisema wanafanya hivyo. Sisi hatukingwi na mila yetu ya kusifia unene. Tena inaweza kumficha mgonjwa: anapokonda anashukiwa kifua kikuu au ukimwi, anapimwa hiki na kile, majibu yanarudi safi, na hakuna anayemuuliza kuhusu chakula.

Sasa mezani. Msingi wa matibabu mengi ni kula kwa saa, njaa iwepo isiwepo: milo mitatu na vitafunio viwili au vitatu katikati, zisipite saa tatu au nne bila kitu. Kwa kuwa tumbo linajaa haraka, chagua chakula kidogo kwa ujazo lakini kizito kwa nguvu. Uji wa ulezi upikwe na maziwa na karanga za kusaga. Wali uwe wa nazi. Parachichi, korosho, mayai, mtindi, samaki, maharage ya nazi, chapati. Bakuli la kachumbari na vikombe vya maji kabla ya kula ni mbinu ya ugonjwa kujaza nafasi, na mpishi wa nyumbani aijue. Mtaalamu wa lishe atakupangia kiasi. Asipopatikana, mtu mmoja wa nyumbani apakue sahani, na wewe usibishane naye juu ya kijiko kwa kijiko. Kukimbia asubuhi na mazoezi mengine yasubiri ruhusa ya daktari.

Kula kwenye sinia kuna baraka yake, maana hakuna anayekupimia na mazungumzo yanatembea. Lakini anayeumwa hujua kusukuma pilau kuelekea kwa jirani mpaka mbele yake pakawa na shimo linaloonekana kama amekula. Kwa miezi ya mwanzo ni bora awe na sahani yake, akae na wenzake, na mtu mmoja tu ndiye aangalie. Familia nzima ikimkodolea macho hatameza.

Saa moja baada ya kula ni ngumu. Nenda msalani kabla ya mlo, na baada ya mlo kaa na watu: cheza karata, menya vitunguu vya jioni, msuke mdogo wako nywele. Hofu hupanda, ikafika juu, ikashuka yenyewe, na kila inaposhuka bila wewe kujitapisha au kukimbia uwanjani, safari inayofuata inapanda kidogo chini ya hapo. Ukikosa mlo mmoja au ukajitapisha, usilipie kwa kufunga mlo unaofuata. Unaofuata uliwe kwa saa yake kama kawaida.

Wazazi, nina neno kwenu. Mnaposema "kula tu, mbona rahisi", mnamwambia kwamba hamjui anachopigana nacho. Kaeni naye kwa muda wa mlo, zungumzeni mpira, shule, tamthilia. Badala ya kusifu mashavu, semeni mnachokiona kimerudi ndani yake: anacheka tena, amekumbuka siku ya kuzaliwa ya bibi, amebishana na kaka yake. Na msiseme habari za mlo wenu wa kupunguza mwili mbele yake. Mama anayeruka chakula cha usiku huku akimlazimisha binti ale anafundisha mambo mawili kwa wakati mmoja.

Si kila mwenye maradhi haya ni mwembamba. Wapo wenye miili mipana ambao walijinyima mpaka mapigo ya moyo yakashuka, na kila kilo waliyopoteza walipigiwa makofi, hata na wahudumu wa afya. Kwao uzito ukirudi hakuna anayewapongeza, wanaambiwa wamejiachia. Kama ni wewe, ugonjwa wako ni halisi kama wa mwembamba, na una haki ya kula kwa saa kama yeye. Mwambie daktari ulichokuwa unakifanya, ulianza lini, na ulipoteza kiasi gani kwa muda gani, maana akikuangalia tu hawezi kuona. Wanaume na wavulana hali kadhalika, hasa wale wa mazoezi ya misuli, ambao husifiwa kwa nidhamu mpaka siku wanapoanguka.

Kuhusu funga, Surat al-Baqara imempa mgonjwa ruhusa ya kuacha saumu na kulipa baadaye, au kutoa fidya kwa asiyeweza. Ugonjwa wa ulaji ni ugonjwa. Zungumza na daktari na sheikh wako kabla ya mwezi kuandama, na ukiambiwa usifunge, kula bila kujificha jikoni kama mwizi. Fanya ibada zilizobaki na wenzako, tarawehe, sadaka, kusoma. Kwa Mkristo, padri au mchungaji atakusaidia kuchagua jambo jingine la kuacha katika Kwaresima lisilogusa sahani.

Mwisho, hospitali. Hospitali kubwa kama Muhimbili na Mirembe kwa Tanzania na Mathari kwa Nairobi zina wataalamu wa afya ya akili, lakini wengi mtaanzia kituo cha karibu na daktari ambaye huenda hajamtibu mgonjwa wa aina hii. Andika kwenye karatasi umekula nini wiki hii, unajitapisha au la, dawa gani umenunua mwenyewe, hedhi ya mwisho lini. Omba apime mapigo ya moyo na msukumo wa damu ukiwa umelala na ukiwa umesimama, na potasiamu, fosfeti na magnesiamu kwenye damu. Kipimo cha moyo cha ECG kama kipo. Ukizimia, ukisikia maumivu ya kifua au moyo kwenda kombo, pumzi ikikata, miguu ikivimba kwa kasi, ukichanganyikiwa, ukitapika damu, au ukianza kufikiria kujiua, mwamshe mtu aliye karibu nawe na mwende hospitali usiku huo huo, tarehe ya kliniki isisubiriwe.